Nilimkimbia Mama Mkwe Juu ya Kisulisuli

Yule mtu wa kwenye video ni mimi.

Nimesema! Afadhali nimesema. Ninyi mliomwona jamaa mwenye kofia nyekundu akisimama kwenye mtambo unaozunguka, kiatu chake kimoja kikipaa angani, mkacheka mpaka mkashika mbavu na kuulizana mwehu huyu katoka wapi, basi mwehu huyo katoka Igoma, hapa Mwanza, ana mke na mtoto mmoja, na ndiye anayewaandikia.

Jina langu siandiki, mnihurumie. Kazini wamebaki watatu ambao hawajajua.

Kwanza niwaambie ugonjwa wangu. Mimi napenda mitambo ya michezo kuliko mtu mzima anavyopaswa. Tangu ifunguliwe ile bustani ya michezo kando ya ziwa, upande wa Ilemela, Jumamosi zangu zote zimeishia huko. Napenda zile kelele, napenda tumbo linavyobaki juu wakati mwili umeshashuka. Wagonjwa tuko wengi, na tuna grupu letu kwenye simu. Kazi yetu humo ni kujadili usalama na kuwasema wageni wenye tabia mbaya. Nani karuka foleni. Nani kampakata mtoto kwenye bembea ya wakubwa. Nani kakojoa kwenye bwawa la kutelezea, huyo tulimjadili wiki mbili nzima!

Na mkali kuliko wote nilikuwa mimi, kiongozi wa grupu. Niliwahi kuandika hivi: "MTU ANAYETOKA KWENYE KITI MTAMBO UKIENDA AFUNGIWE MAISHA." Kwa herufi kubwa, jamani! Ujumbe huo niliubandika juu kabisa ili kila anayeingia aanze na huo.

Sasa sikilizeni.

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Usagara. Ni mama mnene, mcheshi, kicheko chake kinafika nyumba ya tatu. Nampenda sana. Lakini sisi wengine tumelelewa na wazee wa Kisukuma wa zamani, na huko mama mkwe unampenda kwa mbali. Humpi mkono. Hukai naye kiti kimoja. Akipita koridoni unajibana ukutani kama umepakwa hapo. Najua wengi siku hizi wameyaacha mambo haya, ila kwetu hayajaachwa. Miaka sita mimi na yeye tumesalimiana hatua tano katikati, shikamoo mama, marahaba baba, kila mtu anaangalia pembeni, na tumeishi kwa raha zetu.

Jumamosi ile mke wangu akasema mama naye akaione bustani. Tukaenda wote, mimi, mke wangu, mama, na binti yetu wa miaka mitano. Nilijua mama atakaa kivulini ale samaki wake wa sato, aangalie ziwa. Wapi! Alipokiona Kisulisuli macho yakamtoka.

"Na mimi napanda kile," akamwambia mke wangu.

Kisulisuli ni vigari vya watu wawili wawili vilivyopangwa duara. Vinazunguka, vinapanda na kushuka, na kila kigari kina chuma kimoja cha kufunga mapajani. Sasa msiba wangu wote uko hapa: kasi ikikolea, aliyekaa upande wa ndani anasukumwa kwenda upande wa nje, atake asitake. Anamlalia mwenzake mpaka mtambo usimame. Wachumba wanakipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini nilikuwa na mpango, msinione mjinga. Mama apande na mke wangu, mimi nipande na binti. Tukapanga foleni vizuri kabisa, tukafika kwa Kulwa.

Kulwa ndiye msimamizi wa Kisulisuli. Mama wa miaka arobaini hivi, hana masihara na sheria, na kwenye grupu letu alikuwa kipenzi cha watu. Ana kijiti cha kupimia urefu wa watoto. Hicho kijiti tulikipigania sisi wa kwenye grupu, nami nikiwa mbele! Akamsimamisha binti yangu hapo. Akapungua vidole viwili.

"Huyu hapandi," akasema Kulwa.

Ningesema nini? Sheria yangu mwenyewe. Binti akaangua kilio, mke wangu akamshika mkono akatoka naye kwenye foleni kwenda kumtafutia aiskrimu. "Basi wewe panda na mama," akaniambia, kirahisi tu, kama ananituma sokoni. Mtoto analia, hakufikiri. Alipokuja kufikiri ameshafika kwenye aiskrimu.

"Kaka, kaa haraka, watu wanasubiri!" Kulwa huyo, macho yako kwenye vyuma, usoni chini ya kofia hakunitazama. "Mama akae nje, wewe mwembamba ingia ndani."

Ndani! Yaani mimi ndiye wa kwenda kumlalia.

Nilipaswa kusema maneno matatu tu: huyu ni mkwe. Kulwa ni Msukuma, angeelewa kabla sijamaliza. Lakini nyuma yangu foleni inanung'unika, mama ameshakaa, anaangalia ziwa kwa heshima zote, na mimi ndiye ninayejiita mtaalamu wa mitambo. Nikaona aibu. Nikaingia. Kulwa akafunga chuma, akakivuta, akakivuta tena mara ya pili, ndipo akaenda kwenye kigari kingine. Hiyo mara ya pili naomba muikumbuke.

Mama akajisogeza ukingoni. Mimi nikajibana ukingo wangu. Katikati pakabaki nafasi ya kiganja. Muziki ukaanza.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa taratibu. Wa pili nikasikia kiti kinaniteleza chini yangu. Nikang'ang'ania chuma kwa mikono miwili. Wa tatu, kalio moja limeshahama! Mama akapiga ukelele, "Mayuuu!", akimwita mama yake kwa Kisukuma, sijui alikuwa anaogopa mtambo au ananiogopa mimi. Nikayaona yote yanayokuja: mimi, mtu na heshima zangu, nimemlalia mama mzazi wa mke wangu mbele ya Mwanza nzima, tena muziki unapigwa.

Akili ikaniruka. Nikavuta tumbo ndani, nikajipenyeza chini ya chuma, nikasimama. Nikasimama! Kigari cha nyuma yetu kilikuwa kitupu. Nikakirukia.

Nilitua kwa tumbo, nusu ndani, nusu nje. Kiatu cha kulia kikachomoka, kikapaa, kikavuka uzio, kikaingia kwenye beseni la kachumbari la mama mmoja anayekaanga samaki pale nje. Nilichoshika sikijui mpaka leo. Nakumbuka kengele inalia, na sauti ya Kulwa: "Lala chini wewe! Lala humo humo, utakufa!" Alikuwa ameshabonyeza kitufe chekundu.

Ndugu zangu, mzunguko mmoja zaidi ningerushwa kwenye vyuma vya uzio. Hilo nalijua vizuri, kwa sababu ndilo tunalojadili kila siku.

Mtambo ulipopunguza mwendo sikusubiri usimame. Nikaruka upande wa pili, mguu mmoja na kiatu, mwingine peku, nikakimbilia chooni. Kofia nyekundu ikaingia kwenye pipa la taka. Mke wangu nilimwambia kiatu kimeniponyoka, na hilo lilikuwa kweli. Mama hakusema kitu. Njia nzima mpaka Igoma hakusema kitu, na mimi nikashukuru!

Jioni video ikaingia grupuni. Ilipigwa kwa mbali, kwa nyuma, sura haionekani. Wakanipa jina, Bwana Kiatu. Vicheko vilivyomiminika humo! Mimi mwenyewe nilicheka, nawaambia ukweli, kile kiatu kilipaa vizuri. Kisha mtu akauliza, "Kiongozi mbona kimya leo?"

Nikaogopa. Na mtu mwenye hatia akiogopa huwa mkali kweli kweli. Nikaandika: "Mtu hatoki kwenye chuma kilichofungwa. Huyo msimamizi hakufunga. Aondolewe."

Kulwa alikuwemo grupuni. Akajibu palepale: "Nilifunga, nikavuta mara mbili. Kaka, wewe si unanionaga kila Jumamosi?"

Nilimwona. Chuma chenyewe kilinibana mapaja! Nikaizima simu.

Watu wakaufuata ujumbe wangu kama kawaida yao, kila mmoja akitia lake, malalamiko yakafika kwa wenye bustani. Jumatatu uongozi wa bustani ukamsimamisha Kulwa kazi. Akatoka kwenye grupu bila kuaga mtu. Nami bado nikanyamaza. Nikajiambia yatapoa.

Jumanne narudi kutoka kazini, nakuta begi la mama mkwe limefungwa, liko mlangoni. Alikuja kukaa wiki mbili! Mke wangu akanivuta chumbani, macho mekundu.

"Umemfanya nini mama? Ananiuliza kama ananuka."

"Ananuka?"

"Anasema uliona bora kufa kuliko kukaa naye."

Nikakaa kitandani. Siku tatu mama wa watu alikuwa anajinusa ndani ya nyumba yangu, na mila ile ile iliyonirusha mimi ndiyo iliyomzuia kuniuliza! Nikamweleza mke wangu kila kitu, kijiti, kiti, kalio, kachumbari, mpaka Kulwa kusimamishwa kazi. Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akaacha ghafla.

"Na yule mama wa mtambo?" akauliza.

Basi tukazungumza na mama, kwa namna yetu. Yeye jikoni, mimi sebuleni, pazia katikati, mke wangu amesimama kwenye pazia kama mkalimani, na wote tunasikiana vizuri tu.

"Mwambie mama hanuki hata kidogo," nikasema.

"Nimesikia," mama akajibu kutoka jikoni. "Mwambie nimesikia."

"Mwambie niliogopa kumlalia."

Sufuria ikalia. Kisha kile kicheko cha nyumba ya tatu! "Mwambie hata mimi nilikuwa natafuta pa kurukia! Mwili ndio uliokataa!"

Tulicheka sote watatu, kila mtu upande wake. Kisha sauti ya mama ikabadilika, akasema polepole, na safari hii hakumpitishia mke wangu.

"Ungekufa, baba, mwanangu angekuwa mjane, na watu wangesema heshima yangu ndiyo iliyokuua. Mimi heshima hiyo siitaki. Na yule mwanamke ninayeambiwa kasimamishwa kazi alifunga chuma, nilimwona kwa macho yangu. Kesho nakwenda kusema. Uje, usije, mimi nakwenda."

Nilikwenda. Mama alitangulia, mimi hatua tano nyuma, tukaingia ofisini kwa meneja tumepangana hivyo hivyo. Nikasema mimi ndiye. Mama akasema chuma kilivutwa mara mbili. Meneja akatutazama, akageukia dirishani muda mrefu. Alikuwa anacheka na yeye, niliona mgongo wake.

Grupuni nikaandika maneno manne: "Bwana Kiatu ni mimi." Halafu mtu mmoja, bila kuongeza neno, akanirudishia ule ujumbe wangu wa herufi kubwa. Kufungiwa maisha! Sheria yangu mwenyewe! Baada ya kunitukana vya kutosha walinipunguzia: uongozi nimevuliwa, na meneja amenifungia bustani miezi sita. Hapa natumikia wa pili.

Kulwa alirudi kazini. Nilimfuata getini siku ya kwanza, nikamwomba radhi. Akanipa kiatu changu ndani ya mfuko, amekiosha, lakini bado kinanuka vitunguu mpaka leo. Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Ungeniambia ni mkwe ningekupa kigari chako. Ni dakika moja," akasema. "Na kule grupuni ulijua nimefunga, ukanyamaza. Hilo ndilo lililoniuma."

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe. Ila si leo."

Iliniuma, na ilinistahili.

Sasa Jumamosi zangu nazipitisha nje ya uzio, kwa yule mama wa samaki, ambaye kila mteja anayefika anamwonyesha mimi kwa kidole: "Mwenye kiatu ndiye yule!" Juzi mama mkwe alirudi, safari hii kapanda Kisulisuli na binti yake, yaani mke wangu, ndani na nje kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimeshika uzio naangalia. Kabla ya kufunga vyuma, Kulwa alisimama katikati, akapaza sauti ambayo nadhani na samaki ziwani walisikia.

"Kuna wakwe humu? Jisemeni sasa hivi, kabla sijafunga!"

Watu wakacheka. Kisha mzee mmoja mwenye kanzu akanyoosha mkono polepole, akashuka, akamwacha mke wa mwanawe kwenye kigari, na yule dada akashusha pumzi. Kijana mmoja naye akashuka. Wakashuka wengine wawili. Wanne, jamani! Wanne ndani ya mzunguko mmoja, wote walikuwa wamekaa kimya wanajibana ukingoni kama mimi.

Kulwa akageuka akaniangalia kule kwenye uzio. Safari hii alitabasamu, kidogo tu, akaenda kuvuta vyuma mara mbili mbili.

Msomaji mwenzangu, aibu ya kusema inaisha kabla foleni haijasogea. Aibu ya kunyamaza inaweza kumrusha mtu kwenye uzio, ikamtoa mwingine kazini, ikamfanya mama wa watu ajinuse siku tatu. Ni maneno matatu tu. Mkifika kwa Kulwa, yasemeni: huyu ni mkwe.