Mnara Niliouhesabu Nikiwa Barabarani

Wapo wanaoiona nyumba yangu ya Mwanza wakauliza nilimlipa Mzungu gani anichoree. Nimeichora mwenyewe. Sikubebwa na mjomba wala serikali. Ada nilijilipia, na stashahada ya usanifu majengo niliichukua Guangzhou, miaka ile polisi walipokuwa wakikagua pasipoti za Waafrika hata kwenye ngazi za maduka.

Kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa kupima na kuchora jumba moja la matofali mekundu mtaa wa Dongshan. Lilijengwa na Mchina aliyekwenda Marekani kufua nguo za watu, akarudi na fedha, akataka majirani wajue. Aliyapenda makanisa ya huko, ya Gothiki mamboleo: madirisha marefu yenye ncha juu, mnara mwembamba pembeni. Mafundi wake hawakuwahi kuona kanisa la namna hiyo. Matao waliyapatia, lakini paa wakaliezeka kwa vigae vya kijani, kingo zimepinda kama za hekalu. Mwalimu wangu aliliita vurugu. Mimi nilimwelewa mwenye nyumba.

Mjukuu wake, kikongwe niliyemwita nainai, yaani bibi, aliniruhusu kuingia kabla hajawapangisha watu wa mgahawa. Muda ulikuwa mfupi, na tepu haipimi ukumbi kwa mkono mmoja. Wanafunzi wenzangu wa Kichina walinikwepa. Nikamwomba mtu wa kwetu, mnunuzi wa jinzi pale soko la nguo la Zhanxi, ambaye viza yake ilikuwa imekwisha.

"Twende, msomi," alisema. "Huko kwa matajiri nani atanitafuta?"

Tulimaliza ukumbi na ngazi. Ulibaki mnara. Jirani alikuwa ameshapiga simu. Askari wawili wakaingia. Pasipoti yangu haikuwa na dosari.

"Na huyu?"

"Tunasoma darasa moja. Yake iko bwenini."

Askari mdogo alitabasamu, akamwonyesha mwenzangu dirisha tulilotoka kulipima. Urefu wake ni ngapi?

Alijua. Tarakimu za Kichina alizitamka vizuri kuliko mimi. Lakini mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Akatoa kalkuleta, akabonyeza, akamgeuzia askari kioo, kama alivyowageuzia wenye maduka kila siku kwenye mabishano ya bei. Jibu lilikuwa sahihi hadi sentimita.

Askari alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Laoban!" alimwita, bosi, kama wanavyoitana sokoni. "Bei ya mwisho ngapi?"



Wakamshika mkono. Mlangoni aligeuka. "Malizia mnara, msomi. Nisiwe nimekamatwa bure."

Nainai alingoja watoke, akaniletea begi langu na viatu. "Usirudi," alisema, akafunga geti.

Mnara niliupima nikiwa ng'ambo ya barabara, kwa kuhesabu safu za matofali, jua likinichoma kisogo. Ndani yake sikufika. Hata hivyo nilipata alama ambazo hakuna Mwafrika aliyewahi kuzipata chuoni pale, na mchoro wangu ukatundikwa ukumbini. Wiki hiyohiyo mwenzangu alipandishwa ndege bila robota hata moja la jinzi. Walimu walinipa mkono mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeuliza ncha ya pili ya tepu ilishikwa na nani.