Strungi Katika Boma la Ng'ombe

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, nikiwa bado bibi mpya hapa Mweiga, alikuja msichana wa afya kutoka Nyeri kuuliza kila nyumba inanunua chakula gani. Kanisani tulikuwa tumeambiwa kwamba kutokana na majibu yetu itaamuliwa kama watoto wa shule ya nasari watapewa uji wa maziwa. Nilikuwa na hamu, wee! Mtoto wangu wa kwanza alikuwa mwembamba, kila nikimpeleka kliniki kilo ni zile zile.

Baba mkwe ndiye aliyeketi kujibu. Sukari tunanunua. Unga tunanunua. Alipoulizwa maziwa, mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Ati ninunue maziwa, na ng'ombe wako hapo nyuma? Andika hatununui!"

Msichana akaandika. Mimi nikaganda mlangoni, maana nilijua atakavyoelewa: hapa watoto wanakunywa maziwa mpaka wanayamwaga. Lakini ningempinga vipi baba mkwe mbele ya mgeni?

Ndipo mama mkwe, mtu asiyekuwa na haraka na chochote duniani, akaniambia, "Mletee mgeni chai. Hiyo hiyo tunayokunywa."

Nikaleta strungi, nyeusi tititi, haina tone la maziwa. Msichana akaangalia kikombe, akaangalia ng'ombe.

"Baba Kamau," mama mkwe akamwambia mumewe kwa upole, "mwambie mtoto wa watu maziwa yetu huenda wapi."

Mzee akajikuna shingo. "Gari ya maziwa huchukua yote asubuhi. Si pesa yake ndiyo karo ya watoto?" Kisha akacheka mwenyewe, tukacheka wote, na msichana akafuta alichoandika, akaandika kwamba maziwa yote tunayauza.

Nasari ikapata uji wa maziwa. Na tangu kesho yake mama mkwe alichota kikombe cha mtoto kabla gari haijafika. Yule mwembamba ndiye mama yako, huyu anayekugombeza mpaka wapita njia wanasikia!

Sasa kesho watu wa afya wanakuja kuuliza kwako, na nimekusikia ukimwambia jirani eti utasema mnanunua matunda kila siku. Aibu ya nini, mwanangu? Serikali haioni ndani ya sufuria yako, inajua tu ulichosema. Sema mnachonunua, na usiache kusema mnachouza. Mungu abariki jiko lako, watoto wako wanywe washibe, na mgeni wa kesho akinywa chai yako, aikute na maziwa.