Vibuyu Viwili vya Kavumbi

Zamani zile, kabla wazazi hawajaanza kuzipima shule kwa wingi wa vyumba na mabati ya paa, Kavumbi mgema alizipima kwa kibuyu cha tembo. Aliishi bara kidogo ya Mnarani. Ndui ilikuwa imewachukua watoto wake wote, akabaki Nzai peke yake. Mkewe, Kadii, alitaka huyo mmoja asome. Kavumbi hakupinga, ila alisema hawezi kumkabidhi mwanawe kwa mtu asiyemjua.

Shule zilikuwa mbili. Upande wa pwani palikuwa na chuo cha Kurani, watoto wakiyumbayumba juu ya mikeka na kusoma kwa sauti iliyomfikia Kavumbi hadi juu ya mnazi. Kilimani palikuwa na shule ya misheni: banda la makuti, viti vya magogo na ubao mmoja. Kavumbi aliipenda ile sauti ya chuo, na moyoni alikuwa amekwisha kuchagua.

Kwa Wagiriama wenzake, mwenye ombi zito hutanguliza kibuyu, maneno yakafuata. Basi alfajiri moja aligema minazi yake bora, akajaza vibuyu viwili.

Maalimu wa chuo alimkaribisha kwa upole, akampa maji ya kunywa, lakini kibuyu hakukigusa. Aliomba kibaki nje. Kavumbi aliondoka nacho uso umemshuka. Kwao, aliyekataa kibuyu amekataa ombi.

Kilimani, mwalimu Jefwa, kijana aliyebatizwa karibuni, alikipokea kibuyu cha pili, akatoka nacho mlangoni na kulimwaga tembo lote chini, wanafunzi wakitazama. Kavumbi aliinamisha kichwa kwa heshima. Alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi.

“Mama Nzai, yule ndiye,” alimwambia mkewe. “Wengine hunywa kwanza, ndipo wawakumbuke koma. Yule amewapa wazee wetu waliokufa tembo lote, yeye hakuonja.”

Kesho yake alimpeleka Nzai, akamshukuru mwalimu mbele ya darasa kwa kuwakumbuka koma. Watoto walibana vicheko. Jefwa angeweza kunyamaza, kwani mwanafunzi alikwisha kuletwa, na shule ilikuwa na uhaba wa wanafunzi. Badala yake alimtoa mzee nje, Nzai akiwafuata.

“Baba Nzai, sikuwapa koma,” alisema. “Nililimwaga kwa dharau, watoto wanione. Niwie radhi.”

Kavumbi akamshika Nzai mkono. Jefwa alidhani wanakwenda zao.

“Hilo limeniuma,” Kavumbi alisema. “Lakini ungenyamaza nisingejua maisha yangu yote. Basi mfundishe na huyu kusema hivyo.” Akamsukuma mtoto ndani.

Walimu wa kukiri kosa mbele ya mgema walikuwako. Siku hizi mzazi haulizi habari zao. Huuliza madirisha yana vioo au hayana.

Tangu hapo, kila asubuhi Kavumbi akiwa juu ya mnazi, sauti za chuo zilimjia kutoka pwani na za misheni kutoka kilimani. Alikuwa akisimamisha kisu, asikilize. Aliitafuta moja tu, ya Nzai.