Sweta Juu ya Omena

Kazi yangu siku hizi ni kuwahoji vijana wa familia za wahamiaji kwa ajili ya utafiti. Jana, katika shule moja ya Sori, msichana aliketi mbele yangu, sweta yake ikinukia udi. Swali lililofuata lilikuwa, "Umewahi kuona aibu kwa sababu ya asili yenu?" Nikaliruka.

Wazazi wangu walitoka Somalia wakafungua duka la vitambaa Karungu. Kila Ijumaa mama alizifukiza nguo zetu udi, hata sare ya shule. Darasani wenzangu waliziba pua.

"Wewe unanuka kama harusi," walisema.

Siku moja, saa ya chakula, niliitandaza sweta yangu ufukweni mwa ziwa, juu ya omena, wale dagaa wadogo, walioanikwa, mpaka ikanuka kama zao.

Mama, ambaye harufu ya samaki ilikuwa ikimtapisha, aliinusa, akaniuliza ni nani aliyenifanyia ubaya huo.

"Ni mimi," nikasema. "Sitaki kunuka kama nyinyi."

Aliifua tu.

Jumamosi nilipita ufukweni na wenzangu, nikamwona mama ameinama, ncha ya mtandio puani, akiigeuza sweta yangu juu ya omena. Alikuwa akimwuliza mwenye omena, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, "Mama, hii sasa nanuka kama ya watoto ingine?"

Wenzangu walicheka. Nami nikacheka.