Kompyuta Mbili za Mama

Vita kwangu vina harufu ya plastiki iliyoshika moto. Ilitoka kwenye kompyuta ya kupakata ya Mama, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, alimowapigia watu chapa barua zao. Ilikuwa nyembamba, nzuri kutazama, na umeme ulipokatika betri yake iliendelea na kazi. Lakini walioitaka iwe nyembamba hivyo waliinyima nafasi ya kupitisha hewa, na joto likizidi ilijizima yenyewe. Kando yake ilikaa kompyuta ya mezani, sanduku zito la chuma lenye feni ya makelele, lisilowaka bila jenereta. Mjomba Dieudonné, mdogo wake Mama, aliipenda hiyo. Aliifungua kwa bisibisi, akaipangusa vumbi jekundu la Bunia, akabadilisha kilichokufa, nayo ikaamka. "Ile ndogo walitengeneza ya kuangalia," aliniambia. "Hii walitengeneza ya kutumika."

Asubuhi moja, risasi zikiwa bado zinalia upande wa kijiji cha Shari, wapiganaji waliingia kwetu na kamanda wao. Alitaka vibali vya kupita kwenye vizuizi vyake. Petroli ya jenereta ilikuwa kidogo, basi Mama akawasha ile ndogo. Walifunga mlango, wakajazana nyuma yake, chumba kikawa tanuri. Kabla hajamaliza, kioo kikawa cheusi.

"Weye unacheza na siye?" kamanda aliuliza.

"Hapana, chef," Mjomba alisema kutoka kando ya Mama, akimwita mkubwa kwa Kifaransa. "Iko inazimika ikishika moto. Tuiache ipoe."

Kamanda alimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Jino liliangukia kwenye vitufe. Kisha akaipiga risasi ile kompyuta, vipande vikanirukia shingoni nikiwa nimejibana ukutani. Mjomba, damu ikimchuruzika kidevuni, alimimina petroli yote iliyobaki kwenye jenereta. Sanduku la chuma likanguruma. Mama alipiga chapa mpaka mwisho, na mashine haikukosea hata herufi.

Kwa sababu ilifanya kazi, waliitaka.

"Hii iko muzuri," kamanda alisema, akamwelekezea Mjomba bunduki. "Beba."

Aliibeba pamoja na kioo chake, kikubwa kama debe. Kwenye mlima ulio mbele ya nyumba tulimwona akipepesuka, akapiga magoti. Tulisikia mlio mmoja wa risasi. Tulimkuta amelala juu ya nyaya, na sanduku wameliacha hapo hapo, zito mno kwao. Mama hakuligusa. Alimfunika ndugu yake kwa kitenge alichokuwa amevaa.

Leo ninauza na kutengeneza kompyuta mjini humu humu. Za sasa ni nyepesi, hazichemki ovyo, betri hukaa kutwa nzima. Ni bora, nakiri, ingawa nyingi zimegandishwa kwa gundi na zikifa sina pa kuzifungulia. Mteja akiuliza ipi nzuri, mimi humuuliza kwanza: ukilazimika kukimbia, nani ataibeba? Watu wa mjini hucheka. Wanaotoka Iga Barrière, ambako watu wamezoea kukimbia vita, huinyanyua kwanza, wakaipima mkononi.