Mjane Aliyekuja kwa Rais

Leo mchana, sokoni Ipinda, mjane mmoja amenidai mumewe.

Mnajua kwenye ile tamthilia mimi ndiye Rais wa wakati wa vita. Tangu ianze kuonyeshwa, huku nyumbani ni "Mheshimiwa" tu. Watu wananisalimia, wanacheka, wanapita.

Basi niko kwa muuza mchele, mama mmoja mzee akanishika mkono.

"Mume wangu ulimwita vitani. Hakurudi."

Watu wakacheka. Muuza mchele akamwambia, "Bibi, huyu ni mwigizaji."

"Najua. Ni mtoto wa marehemu Bi Tusajigwe wa Ipyana. Lakini Rais mwenyewe sikuwahi kumfikia. Huyu nimemfikia."

Kicheko kikakatika.

Jamani, nina hotuba za vita chungu nzima kichwani. Hakuna hata moja iliyofaa. Nikamuuliza tu mumewe aliitwa nani.

"Asajile."

Nikalirudia jina hilo polepole, kwa sauti yangu mwenyewe, siyo ile ya kwenye runinga. Nikamwambia, "Pole, mama. Asajile alipaswa kurudi."

Akaniachia mkono.

"Ndaga," akasema, yaani asante kwa lugha ya kwetu. "Wanangu hawamkumbuki. Huwa namtaja peke yangu."

Akachukua kapu lake, akaondoka.

Sasa nimekaa barazani, kwenye nyumba aliyoniachia mama. Ndani hakuna wa kumsimulia, ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Mngekuwa ninyi, mngemwambia nini?