Rangi Nyekundu ya Siku ya Mahari

Katika video ya siku ya mahari yangu, mama anacheza. Amevaa kitenge cha rangi ya chungwa na viatu vya wazi, na kucha zake za miguu ni nyekundu kama waridi alizokata miaka yote ya utoto wangu. Tata, dada yake mdogo, anacheza nyuma yake akimsukuma taratibu kuelekea kwa wageni. Wote wawili wanacheka. Mtu akiniomba nimwonyeshe video hiyo, namwambia ilifutika.

Mama hakuwa mtu wa kupaka rangi. Miguu yake ilikuwa ya gambuti. Tulipoishi Kamere alifanya kazi katika shamba la maua, na jioni alivua gambuti mlangoni, nyayo zikiwa nyeupe na zimekunjamana kwa unyevu. Mimi ndiye niliyezikanda kwa mafuta. Nilijua kila ufa wa visigino vile. Kwa hiyo asubuhi ile ya mahari, nyumbani kwetu Lanet, nilipoona kucha zinang'aa, nilicheka.

"Mama, siku hizi umehamia Milimani kwa matajiri?"

"Mwache!" Tata akasema. Ana saluni, na rangi ilikuwa kazi ya mkono wake. "Leo tunapokea wakwe. Unataka waone miguu ya kuchimba viazi?"

Mama aliivuta miguu chini ya kitenge. Nilidhani ni haya.

Wiki chache baadaye alianza kuchechemea. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulikuwa umepasuka, na soksi ilikuwa ikilowa. Nikampeleka kwa daktari wa ngozi mjini Nakuru. Tata alisisitiza kuja nasi. Daktari, mwanamke wa makamo, aliangalia mguu kidogo tu, kisha akaomba pamba na dawa ya kutoa rangi.

"Daktari, si kidole ndicho kinauma?" Tata akauliza. "Rangi imekukosea nini?"

"Rangi inanizuia kuona."

Alifuta ukucha mmoja mmoja. Nyekundu ilitoka na kucha za mama nizijuazo zikarudi, za manjano kidogo, ngumu. Akafika kwenye kidole gumba. Akafuta. Akabadilisha pamba akafuta tena. Nyekundu iliisha, weusi ukabaki. Ulikuwa mstari mpana uliotoka chini ya ukucha hadi kwenye ngozi ya kidole, kama wino uliomwagika kwenye ukingo wa karatasi.

"Hii ilianza lini?"

"Juzi tu," Tata akajibu haraka. "Ndoo ya maji ilimwangukia."

Daktari hakumtazama. Alimtazama mama. "Damu ikivilia chini ya ukucha, husogea mbele ukucha unavyoota, mwishowe unaikata na wembe. Hii ilisogea, mama?"

Mama alinitazama mimi.

"Haikusogea," akasema. "Ilipanuka tu. Tangu kabla ya Krismasi."

Mahari yangu ilikuwa Agosti.

"Hukuonyesha mtu?"

"Nilienda kliniki ya karibu. Waliniambia nije huku mjini, kikatwe kipande kidogo kipimwe."

"Na hukuja."

"Daktari, tulikuwa na shughuli nyumbani," Tata akasema.

Shughuli ilikuwa mimi.

Kipande kilikatwa siku hiyo hiyo. Huko kwenye ujia, mama akiwa amekaa kwenye benchi na bandeji mpya, niliuliza swali moja: "Mlijua?"

"Usipandishe sauti, watu wanaangalia," Tata akaninong'oneza. "Wageni walikuwa wameshajiandaa. Wangesikia kuna ugonjwa kama huo, wangesema uko kwa damu. Wangesema wewe pia utaupata na watoto wako. Tulikuwa tunakulinda."

"Ningesimamisha kila kitu."

"Ndiyo maana hatukukuambia," mama akasema.

Alisema kwa upole, kama mtu anayekupa sahani ya chakula. Tangu hapo nimejaribu kulichukia neno hilo peke yake, nimwache yeye. Sijaweza kuvitenganisha.

Majibu yalipotoka ilikuwa saratani ya ngozi. Mama alicheka kidogo. "Mimi na weusi wote huu? Hiyo si ya wazungu?"

Daktari alieleza bila haraka. Alisema jua huwaumiza zaidi wenye ngozi nyeupe na wenye ualbino, na ndiyo sababu ya kofia na mafuta yao. Aina hii ya mama haingoji jua. Kwa watu weusi hupenda mahali ambapo hakuna anayetazama: nyayo, viganja, chini ya kucha. Alama mpya inayokua, kidonda kisichopona, mstari unaopanuka, vyote ni vya kuonyeshwa mapema.

Halafu akatuonyesha picha ya kifua. Kulikuwa na vidoa kwenye mapafu.

"Mapafu?" mama akashtuka. "Sijawahi kugusa sigara maisha yangu yote!"

"Si saratani ya mapafu, mama. Ni ile ya kidole. Imesafiri."

Nikauliza kama ingekuwa hivi lau tungekuja mwaka mpya ulipoanza. "Pengine kukata kidole kungetosha," akasema. "Pengine."

Kidole kilikatwa, na tezi za kinena zikatolewa. Sasa tunampeleka Nairobi kuwekewa dripu ya dawa ya kuuamsha mwili ujipiganie wenyewe. Wengine dawa hiyo huwasaidia, wengine hapana. Picha inayofuata ndiyo itasema.

Wale wakwe waliofichwa ugonjwa walikuja waliposikia. Mama mkwe wangu alikaa na mama kutwa nzima akimmenyea machungwa. Alipokuwa akiondoka akaniuliza pale getini, "Kwani mlidhani tungekimbia?" Sikuwa nimedhani chochote. Hakuna aliyenipa nafasi ya kudhani.

Jumapili baada ya kanisa nakagua miguu. Ni sheria yangu. Sikumwomba mtu ruhusa. Mama huinua nyayo juu ya stuli, natazama katikati ya vidole na kila ukucha uliobaki, nampaka mafuta kama zamani. Jumapili iliyopita Tata alikuja. Alikaa pembeni akingoja kusalimiwa vizuri, kisha akavua viatu vyake mwenyewe na kuweka miguu kwenye stuli. Kucha zake zilikuwa nyekundu, rangi ile ile.

"Msamehe tata yako," mama akasema.

Nilileta pamba na dawa ya kutoa rangi, nikamwekea Tata mkononi. Alifuta zote, hadi kidole cha mwisho. Nikainama kutazama vidole, zikabaki nyayo.

"Geuza," nikamwambia. Hilo ndilo neno pekee nililompa siku hiyo.